Kavisi kadogo njo kanashika moto

Lubumbashi. – Asubuhi, kandokando ya soko la Kenya, manseba mmoja analeta moto yake kwa fundi. Breki ya nyuma inalia. Fundi anainama, anaangalia ule mukono wa chuma unaoshika breki, halafu anatikisa kichwa. Mahali pa gupiye, mutu aliingiza musumari, na musumari umeshakulika nusu.

"Kijana, ulikuwa unabeba bantu na hii?"

"Papa, gupiye ilipotea. Nikaona ni kitu kidogo tu."

Kweli ni kidogo: waya wa chuma uliokunjwa mara mbili. Lakini kazi yake ni kukataza ekru kufunguka wakati moto inatetemeka. Ekru ikitoka, ule mukono unaachia. Siku dereva anakanyaga breki kwa nguvu, sahani ya breki inaweza kuzunguka pamoja na gurudumu na kulifunga ghafula. Abiria iko nyuma, kamio iko inakuja.

Namna gani kuchagua visi na buloni za kubadilisha?

Kwanza, usiende sokoni mikono mitupu: beba ile ya zamani. Kusema "nipe ya 6" ao "ya 8" haitoshi, kwani hiyo ni unene tu. Kuko pia nafasi kati ya meno. Weka rula, hesabu nafasi kumi: buloni ya kawaida ya 6 inafanya milimita 10, ya 8 inafanya 12,5. Ile ya 10 njo inadanganya watu: kuko ya 12,5 na kuko ya 15, na kwa macho zinafanana.

Pili, angalia urefu. Ndefu sana inagonga chini ya tundu na inaweza kupasua alimini ya motere. Fupi sana inashika meno mawili matatu, halafu inayang'oa. Buloni ya 6 ndani ya alimini ishike angalau milimita 9.

Tatu, soma kichwa. Buloni yenye 8.8 ni ya chuma chenye nguvu kuliko yenye 4.8. Kama uliyotoa ilikuwa 8.8, usirudishe isiyo na alama, hata ikiwa inang'aa namna gani.

Nne, anza na vidole. Visi ya kweli inaingia mizunguko mitatu bila ufunguo. Ikikataa, si ya pale. Ukiilazimisha, unaua meno ya motere, na feza uliyochunga kwenye visi itaenda yote kwa soudeur.

Na gupiye? Hiyo inatumika mara moja. Ukiitoa, weka mupya. Chuma kilichokunjwa na kunyooshwa kinavunjika. Kile kibanio cha mnyororo nacho, upande uliofungwa uelekee kule mnyororo unakoenda.

Fundi wetu alitia gupiye mupya, akakunja masikio yake, akamurudishia kijana musumari mukononi. "Huu ni wa kupigilia ubao," akasema.

Wewe uliye na moto, leo jioni, mbele ya kulala, chukua torche, uiname, uangalie. Ukikuta musumari ao waya, kesho asubuhi abiria wa kwanza angoje kidogo.