Kinga ya Mmea na Koo za Protini: Mfano wa Muhogo wa Lamu

Mkulima wa Mpeketoni, Hindi au Witu, upande wa bara wa Lamu, huitambua batobato kwa kutazama jani tu: hujikunja na kuota mabaka ya manjano. Michirizi ya kahawia ina hila zaidi. Majani huonyesha dalili hafifu, mmea ukasimama ukipendeza, ilhali muhogo wenyewe umeoza ndani kwa madoa makavu yasiyolika. Pingili zake hugawiwa jirani kama mbegu njema, na virusi vikasafiri nazo. Nzi weupe humalizia kazi. Maradhi haya ya mwambao yalielezwa na H. H. Storey, mtafiti wa Amani, mwaka 1936.

Mmea hauna damu ya kusafirisha askari. Kila seli hujilinda yenyewe kwa protini. Protini zenye asili na umbo la kufanana huwekwa kundi moja, na neno 'ukoo' lafaa hapa kuliko 'familia' kwa kuwa hubeba wazo la nasaba. Zipo koo zinazokaa kwenye utando wa seli zikipokea dalili za vijidudu. Ukoo wa NLR hukaa ndani. Ukigundua athari za adui, aghalabu huifanya seli ife ili adui asienee.

Istilahi hizi za kivita zimezoeleka mno, nazo huficha upande wa pili. Katika michirizi ya kahawia, ukoo uliovuta macho ya watafiti ni eIF4E, ambao kazi yake si ulinzi. Hushika mwanzo wa ujumbe wa jeni ili usomwe na protini itengenezwe. Virusi havina chombo hicho, hivyo huazima cha muhogo kupitia protini yao iitwayo VPg. Muhogo una protini tano za ukoo huu. Mwaka 2019 ilichapishwa kazi ambamo mbili kati yake, nCBP-1 na nCBP-2, zilizimwa kwa kuhariri jeni. Uozo wa mizizi ulipungua na virusi vikapungua, ingawa havikutoweka. Kuhusu batobato nako, mwaka 2022 ilibainika kuwa ukinzani maarufu uitwao CMD2 hutokana na mabadiliko katika kimeng'enya kinachonakili DNA, wala si katika NLR.

Basi kusema mmea 'una kinga' hakutoshi; huenda umenusurika kwa kukosa kile ambacho mgeni alikuja kuazima. Kwa mkulima wa Lamu tofauti hiyo haionekani jänini, na kabla ya kugawa pingili hana budi kuung'oa muhogo na kuupasua.