GHALA MOJA, WATUMIAJI WENGI

Ikiwa wewe na wenzako mnaweka kazi yenu katika ghala moja la Git kwenye kompyuta ya Linux, huenda siku moja mtambo ukakuambia huna ruhusa ya kuongeza kitu ghalani. Kinachoudhi ni kwamba jana ulipeleka kazi ikapokewa vizuri! Hapa chamani wengine walidai ni virusi. Wapi! Mimi ndimi ninayeitunza kompyuta yetu, na swali hili hunifikia hasa makala za jarida zinapokaribia kwenda kwa mpiga chapa.

Git, iliyobuniwa na Linus Torvalds mwaka 2005, hukipa kila kitu jina refu la tarakimu na herufi. Alama mbili za mwanzo za jina hilo huwa ndizo jina la folda kitakamowekwa, na folda hizo zaweza kufika 256. Folda isipokuwepo, huundwa kwa jina la yule aliyetangulia kuihitaji, nayo huwa mali yake. Kama mipangilio yake haiwapi wenzake ruhusa ya kuandika humo, basi kazi yako ikiangukia folda hiyo inakataliwa. Ikiangukia nyingine inapita. Ndiyo maana tatizo huja na kwenda kama malaria.

Kwanza ingia katika folda ya objects, uandike ls -l, uone kila folda ni ya kikundi gani na kama kikundi kina herufi w. Amri ya id nayo itakuonyesha kama wewe umo kikundini. (Aliyeongezwa leo sharti atoke na kuingia upya, la sivyo hatambuliwi.) Faili zisizo na w zisikutishe. Git huzifunga makusudi.

Sasa dawa. Msimamizi atumie chgrp -R kulirudisha ghala lote kwa kikundi, halafu chmod -R g+rwX. Wengi huishia hapo, na baada ya wiki mbili wanarudi kulalamika, maana folda mpya zinazaliwa na tabia ileile. Kwa hiyo kila folda ipewe g+s, ili kinachozaliwa ndani kirithi kikundi cha folda mama, na Git yenyewe iambiwe: git config core.sharedRepository group.

Nanyi mnaokimbilia chmod 777, jamani! Hapo yeyote mwenye akaunti kwenye kompyuta hiyo ataweza kufuta makala zenu. Ghala jipya liundeni tangu mwanzo kwa git init --bare --shared=group.