Mmea Mgeni, Jina la Wenyeji

Wanafunzi wetu wanapotafsiri makala za mazingira, kila mmea unaosumbua huuita gugu. Hebu tuutazame mmoja: tangawizi ya kahili.

Kahili ni neno la Kihawaii, maana yake fimbo ndefu ya kifalme iliyopambwa kwa manyoya ya ndege. Ua la mmea huu linafanana nayo, basi msomaji hudhani kwamba ni mmea wa asili ya Hawaii. Sivyo. Ulitoka Himalaya, ukapelekwa visiwani kuwa pambo la bustani. Ndege hula mbegu zake nyekundu na kuzisambaza msituni. Huko mashina yake ya ardhini, manene kama ya tangawizi tutiayo katika chai, husongamana yakawa mkeka ambao miche ya miti haiupenyi. Ukikata majani tu, huchipua tena.

Katika kisiwa cha São Miguel, Azores, nchini Ureno, ulisonga mimea inayomlisha priolo, ndege asiyepatikana penginepo duniani. Mwaka 2005 priolo aliwekwa katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Misitu ikasafishwa, miti ya asili ikapandwa, na mwaka 2010 akatolewa katika daraja hilo.

Je, ni gugu? Tunaona sivyo: gugu huota lenyewe shambani, na huu ulipandwa kwa mkono. "Mmea vamizi" lafaa zaidi, ingawa gugumaji la Ziwa Viktoria, nalo pambo lililotoroka, limekwisha kuzoeleka kwa jina lake.