Bastola ndogo kiunoni: Kinga au mzigo kwa mfanyabiashara wa Nachingwea?

KILA mwaka kuanzia Oktoba, mabibo yanapoanza kudondoka mashambani Nachingwea na Ruangwa, fedha nazo huanza kutembea. Ufuta huwa umetangulia katikati ya mwaka, mbaazi zikafuata, na korosho ndiyo inayofunga hesabu ya mkulima.

Katika miezi hiyo maduka hujaa bidhaa, mabati na saruji hununuliwa, pikipiki mpya huonekana hadi vijijini. Lakini penye fedha hapakosi wenye macho. Ndiyo maana baadhi ya wafanyabiashara wa wilaya hizi hujiuliza swali ambalo si la kujibiwa kwa pupa: je, si wakati wa kumiliki bastola ndogo ya kutembea nayo?

Silaha ya moto si jambo geni Lindi. Gobole limekuwepo vijijini kwa miaka mingi, hasa maeneo yanayopakana na mapori ya wanyama. Bastola, hata hivyo, ni kitu kingine. Gobole hubebwa begani na kila mtu huliona. Bastola hufichwa chini ya shati, na anayeibeba huishi nayo sokoni, msikitini au kanisani, kwenye basi na nyumbani kwenye watoto.

Nani hasa anahitaji?

Kabla ya kufikiria aina ya bastola, ni vyema mfanyabiashara akajiuliza analinda nini.

Mfumo wa stakabadhi ghalani, uliotokana na Sheria ya mwaka 2005 na kuanza kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/2008, ulibadili njia ya fedha. Mkulima hupeleka korosho chama cha msingi (AMCOS), mzigo huenda ghala kuu, kisha huuzwa kwa mnada chini ya chama kikuu, ambacho kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale ni RUNALI. Tangu msimu wa 2024/2025 minada hiyo imekuwa ikifanyika kwa mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX).

Mnunuzi mkubwa hulipa kupitia benki, na malipo ya mkulima huingizwa kwenye akaunti yake. Kwa hiyo mkulima anayefuata utaratibu huo hana sababu ya kulala na gunia la noti.

Wanaobaki na fedha taslimu ni wengine: mwenye duka la jumla, wakala wa fedha za simu, mwenye kituo cha mafuta, mnunuzi wa mifugo, na mfanyabiashara anayezunguka minadani na magulioni.

Yupo pia mnunuzi wa kangomba, anayenunua korosho kijijini kwa vipimo visivyo rasmi kabla hazijafika chama cha msingi. Huyu naye hubeba fedha taslimu. Lakini biashara yake haikubaliki kisheria. Mwaka 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa Sh3,300 kwa kilo na Jeshi la Wananchi kupewa kazi ya kuzisomba, uhakiki wa wakulima ulifanywa hadi mashambani ili kuwabaini watu wa aina hiyo. Mtu wa kangomba hawezi kwenda mbele ya kamati ya usalama na kueleza kuwa anataka bastola ya kulinda biashara hiyo.

Mlolongo wa kibali

Umiliki wa silaha nchini unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Kwa utaratibu, maombi huanzia chini: serikali ya kijiji au mtaa anapoishi mwombaji, kisha kata, wilaya na mkoa, ambako kamati za ulinzi na usalama huyajadili, hadi kwa Msajili wa Silaha wa Jeshi la Polisi.

Maana yake ni kwamba wanaokujua ndio wanaokupima kwanza. Mwombaji anayejulikana kwa ugomvi wa vilabuni, kumpiga mkewe au kesi za mipaka ya mashamba asitarajie kupita kirahisi. Polisi huchukua alama za vidole na kuangalia kumbukumbu za makosa. Aidha, mwombaji hutakiwa kueleza sababu, awe na akili timamu na ajue kuitumia silaha anayoiomba.

Leseni ni ya mtu na silaha yake. Haikodishwi, haiazimwi. Dereva wako, mdogo wako au mlinzi wa duka hawezi kuichukua "kwa leo tu" kwa sababu wewe umesafiri. Mwenye leseni akifariki, familia hairithi bastola kama inavyorithi baiskeli. Inapaswa kuifikisha polisi ili taratibu zifuatwe.

Ni vyema pia kukumbuka kuwa Serikali hurudi kuhesabu. Mwaka 2016 wamiliki walitakiwa kupeleka silaha zao polisi kwa uhakiki. Asiye na nyaraka hubaki na kesi badala ya kinga.

Ndogo kiasi gani?

Kwa aliyekwisha kupata kibali, kosa la kwanza ni kudhani kuwa bastola iliyo ndogo zaidi ndiyo bora. Ndogo sana hufichika vizuri, lakini ni ngumu kuilenga. Mtutu ukiwa mfupi, kosa dogo la mkono hupeleka risasi mbali na shabaha. Mpini ukiwa mdogo, kidole cha mwisho hukosa pa kushika, na silaha huruka mkononi kila inapofyatuliwa.

Zipo aina mbili kuu. Ya kwanza ni rivolva, yenye kasha la risasi linalozunguka. Zile ndogo za kubeba, kama za Smith & Wesson, kwa kawaida huchukua risasi tano. Ni rahisi kuielewa: risasi moja ikigoma, unavuta tena na nyingine inakuja. Ubaya wake ni kuwa kifyatulio chake ni kizito kuvuta, na kuijaza upya huchukua muda.

Ya pili ni bastola ya magazini. Walther PPK ya Ujerumani, iliyotoka mwaka 1931, ni mojawapo ya bastola za namna hii zinazoweza kufichwa ndani ya koti. Glock 19 ya Austria, iliyoanza kuuzwa 1988, hutumia risasi za milimita 9 na magazini yake ya kawaida huchukua 15. Ndogo yake, Glock 26, huchukua 10. Mwaka 2018 SIG Sauer ilitoa P365, nyembamba zaidi, nayo ikiwa na risasi 10.

Kwa mfanyabiashara, majina hayo si muhimu kuliko mambo matano.

Kwanza, mkono. Ishike kwa kibali cha muuzaji, bila risasi. Kidole kifike kwenye kifyatulio bila kujinyoosha, na mpini ujae kiganjani.

Pili, risasi. Milimita 9 ndiyo inayotumika zaidi duniani kwa bastola. Usinunue silaha ya risasi adimu kwa kuwa bei yake ni nafuu. Bila risasi za kujifunzia, ni chuma tu.

Tatu, usalama. Bastola nyingi za kisasa hazina kitufe cha nje cha kuzuia risasi. Kinga yake kubwa ni kidole kukaa nje ya kifyatulio, na mkoba mgumu unaokifunika kabisa. Kuichomeka kiunoni bila mkoba, au kuitupa kwenye begi pamoja na funguo na simu, ni njia fupi ya kujipiga risasi ya paja.

Nne, hali ya hewa. Jasho la Nachingwea hula chuma, na vumbi la kiangazi huingia kila mahali. Silaha inayobebwa kila siku hufutwa na kupakwa mafuta mepesi mara kwa mara. Mafuta mengi nayo hukamata vumbi.

Tano, mavazi. Kwenye joto watu huvaa shati jepesi. Bastola nene hujichora, na ikishajichora si siri tena. Mwizi anayejua unayo atakuja akiwa amejipanga, huenda akiifuata hiyo hiyo.

Gharama isiyoandikwa

Bei ya bastola ni mwanzo tu. Ipo ada ya leseni, risasi za mazoezi, mkoba na sanduku la chuma lililofungiwa ukutani au sakafuni. Nyumba yenye watoto isiyo na sanduku hilo haipaswi kuwa na bastola. Droo ya kabati, chini ya mto au juu ya dari si mahali pa kuhifadhia. Watoto hupajua kuliko wazazi wanavyodhani.

Gharama nyingine ni pombe. Aliye na silaha kiunoni hanywi. Anayeona hawezi kuacha bia baada ya kufunga hesabu za msimu, ajue bastola haimfai.

Kubwa kuliko zote ni siku itakapotumika. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inampa mtu haki ya kujilinda na kulinda mali yake, lakini kwa nguvu ya kiasi kinacholingana na hatari. Kumpiga risasi kibaka aliyekwisha kutimua mbio na simu kunaweza kumfanya mwenye mali kuwa mshtakiwa wa mauaji. Unyang'anyi wa kutumia silaha una adhabu ya kifungo kisichopungua miaka 30, lakini anayetoa adhabu hiyo ni mahakama.

Tena, tukio lenyewe huchukua sekunde chache. Gogo limelazwa barabarani, watu watatu wametoka vichakani, mmoja ana panga ubavuni mwa dereva. Asiyefanya mazoezi, bastola yake huishia mikononi mwa majambazi, na hapo ameongeza silaha ya moto mtaani.

Hesabu ya noti

Noti kubwa ya Tanzania ni ya Sh10,000. Sh30 milioni ni noti 3,000, yaani mabunda 30 ya noti mia mia. Hicho ni kifurushi ambacho hakuna shati linalokificha. Bastola hufichika, fedha hazifichiki. Kwa hiyo ulinzi wa kwanza ni kuzipunguza fedha zenyewe.

Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, mfanyabiashara wa kijijini amepata njia ya kutuma mauzo ya siku bila kuyabeba. Mwenye duka apeleke fedha benki mara nyingi kwa kiasi kidogo, badala ya kusubiri zijae. Asiwe na saa wala njia moja kila siku. Asafiri mchana, na wanaojua safari yake wawe wachache, kwani mara nyingi siri hutoka kwa mtu wa ndani.

Kwa kiasi kikubwa kisichoepukika, aende kwa mkuu wa polisi wa wilaya kuomba kusindikizwa. AMCOS na wafanyabiashara wa eneo moja wanaweza kuchangia gharama ya kampuni ya ulinzi yenye leseni wakati wa msimu.

Aliyefanya yote hayo, ambaye bado kazi yake halali inamlazimu kubeba fedha, ambaye hanywi, ana sanduku la chuma na yuko tayari kufanya mazoezi mwaka mzima, anaweza kwenda kwa mtendaji wa kijiji chake kuanza maombi. Asiyetimiza hata moja kati ya hayo, fedha aliyotenga kwa bastola itamlinda zaidi ikinunua mlango wa chuma wa duka na kulipa makato ya benki.