Mvita Wanajua Kuchanga, Ila Si kwa Mgombea

Mji wa Kale hakuna asiyejua kuchanga. Mgonjwa akitakiwa India, maiti akizuiliwa hospitali kwa deni, paa la madrasa likivuja, kundi la WhatsApp hufunguliwa siku hiyo hiyo na nambari ya mweka hazina ikatangazwa. Orodha huanza kushuka: mia mbili kutoka Kibokoni, elfu moja kutoka Kuze, elfu tano kutoka kwa jamaa aliye Dubai. Usiku hesabu husomwa, na shilingi hamsini ikipungua, mtu ataulizwa. Wakali zaidi wa kuuliza, kama kawaida, ni wale ambao hawajatoa.

Msimu wa kura ukifika, mkondo hugeuka. Mgombea ubunge wa Mvita, jimbo linalobeba kisiwa kizima cha Mombasa, akipita barazani hutarajiwa aache ya kahawa. Kwa akina mama apeleke leso, kwa vijana fulana na mafuta ya pikipiki. Akithubutu kuomba yeye, huonekana hana kitu, na asiye na kitu atatupa nini?

Ada ya tume ya uchaguzi, IEBC, kwa mgombea ubunge ni shilingi 20,000 tu. Lakini utafiti wa mashirika ya Westminster Foundation for Democracy na NIMD, uliotolewa 2021, ulikadiria kuwa waliowania ubunge nchini 2017 walitumia wastani wa shilingi milioni 18.2, na waliowania uwakilishi wadi milioni 3.1. Anayezitoa ni mgombea tajiri, au tajiri aliye nyuma yake. Huyo wa nyuma hatoi sadaka. Hulipwa baadaye, kwa tenda, kwa kiwanja, kwa kibali.

Sheria ya Ufadhili wa Kampeni ya 2013 ilikusudia kumbana: mfadhili mmoja asizidishe asilimia 20 ya michango yote. Wabunge waliisimamisha kabla ya uchaguzi wa 2017. IEBC ilipotangaza viwango vya matumizi mwaka 2021, navyo vikakwama bungeni. Waliotarajiwa kuvaa hatamu ndio waliopewa kuishona.

Basi amebaki mchangaji mdogo. Nguvu yake ilionekana Juni 2024, wakati wa maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, yaliyofika hata Mombasa. Mchango ulioanzishwa na mwanaharakati Hanifa Adan kupitia jukwaa la mtandaoni la M-Changa, kwa ajili ya majeruhi na jamaa za waliouawa, ulipita shilingi milioni 30 kwa siku chache. Haukuwa wa kampeni, lakini nani atasema haukuwa wa siasa?

Tusidanganyane kwamba mchango huleta ushindi. Mwanaharakati Boniface Mwangi aliomba michango ya wananchi alipowania ubunge wa Starehe, Nairobi, 2017, na akashindwa na mwanamuziki Jaguar. Huko Marekani, Bernie Sanders alijisifu kwa wachangaji wa dola 27 alipowania urais mwaka 2016, lakini tiketi ya chama cha Democratic ikaenda kwa Hillary Clinton. Jirani zetu wa Tanzania, chama cha upinzani cha CHADEMA, walianzisha mchango wa wananchi wa Tone Tone mapema 2025. Aprili mwenyekiti wao Tundu Lissu alikuwa kizuizini kwa kesi ya uhaini, na Juni Mahakama Kuu ikakizuia chama kufanya siasa na kutumia mali zake.

Kinacholetwa na mchango ni haki ya kuuliza. Aliyetuma mia mbili hahitaji kumbembeleza mwakilishi amweleze kwa nini taka hazijazolewa. Lakini simu huandika jina la mtumaji, na mwenye duka Marikiti anayesubiri leseni ya kaunti ana sababu ya kuogopa jina lake likae katika orodha ya mpinzani. Kwa hiyo mgombea mwenye nia afungue akaunti ya kampeni, si simu yake binafsi. Hesabu azitangaze kila mwezi, na majina ya wadogo ayalinde.

Pa kuanzia ni wadi, si ubunge. Katiba inamtaka mgombea huru wa uwakilishi wadi aungwe mkono na wapiga kura 500 wa wadi hiyo. Mia tano hao wakitoa shilingi 500 kila mwezi kwa mwaka mmoja, zinapatikana milioni 3, karibu sawa na wastani ule wa milioni 3.1. Na asiyegawa leso wala mafuta atahitaji pungufu ya hapo. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Mgombea akija barazani kwenu, msimuulize ameacha nini. Muulizeni amepewa na nani.