Kusuka Farasi: Kazi ya Usiku na Hesabu Zake



Tunapotembelea vikundi vya wasusi, washonaji na wafumaji wa sweta, swali moja halikosi: "Tulipishe kiasi gani, na tukubali kazi ngapi?" Safari hii tumeonelea tujibu kwa mfano wa mbali kidogo. Ni mfano wa wasusi ambao wateja wao ni farasi.

Msicheke. Huko Marekani na Uingereza kuna watu wanaolisha jamaa zao kwa kusuka farasi. Ujuzi wao ni ule ule wa vidole alio nao dada anayesuka nywele pale sokoni, na shida zao zinafanana na zetu.

KWA NINI FARASI ASUKWE?

Farasi ana nywele ndefu shingoni, kwenye paji la uso na mkiani. Zamani huko Uingereza, watu waliokwenda kuwinda mbweha walisuka farasi wao ili wawe nadhifu na nywele zisiwasumbue. Desturi hiyo ikaingia katika maonyesho. Marekani kuna mashindano ambapo farasi huruka vizuizi huku waamuzi wakitazama anavyokwenda na anavyopendeza. Shingo iliyosukwa vizuri huonekana umbo lake, na humwonyesha mwamuzi kwamba mwenye farasi amejitayarisha.

KAZI YENYEWE

Kwanza nywele za shingoni hupunguzwa hadi inchi 4 au 5 hivi. Zisiwe zimeoshwa kwa mafuta ya kulainisha, maana zitateleza vidoleni. Msusi huzilowesha kidogo, huzigawa mafungu yaliyo sawa, kisha husuka kuelekea chini. Akifika katikati huingiza uzi wa sufu, kama ule wa kufumia sweta, wenye rangi moja na nywele. Mwishoni huchukua kulabu kama ya krosheti, huvuta ncha ya msuko hadi kwenye shina lake na kuifunga hapo.

Kwa mtindo wa Marekani, shingo moja huwa na misuko midogo 30, 40, au hata zaidi, yote ikilala upande wa kulia. Uingereza misuko huwa michache na minene. Mkia husukwa kwa namna yake. Ukikazwa mno farasi huumia na nywele hukatika, kwa hiyo mkono mzito haufai.

Vifaa vyake si vingi: kitana, chupa ya maji, uzi uliokatwa tayari, kulabu, kisu kidogo cha kufumulia mshono, tochi ya kufunga kichwani, na kistuli cha kusimamia kwa sababu farasi ni mrefu.

KWA NINI USIKU?

Mashindano mara nyingi huanza saa mbili asubuhi. Farasi akisukwa mapema sana atajikuna ukutani na misuko yote itavurugika. Basi msusi huanza kazi wakati wengine wanakwenda kulala.

Hapo ndipo hesabu inapoanza. Tuseme msusi mzoefu anatumia dakika 45 kwa shingo moja. Farasi 10 ni saa saba na nusu. Akianza saa tatu usiku, atamaliza saa kumi na nusu alfajiri, na hiyo ni bila kunywa chai, bila kutembea kutoka banda hadi banda, na bila farasi hata mmoja kukataa kusimama. Anayejifunza huweza kutumia saa mbili kwa shingo moja. Huyo, farasi 4 tu wanamtosha usiku mzima.

Sasa, msusi wa farasi 10 akisema ndiyo kwa farasi 15, kutatokea nini? Farasi watano wataingia uwanjani hawajasukwa, au watakuwa na misuko iliyolegea. Mwenye farasi amekwisha kulipa kiingilio na usafiri. Kufikia jioni habari imezunguka mabanda yote. Ahadi ni deni.

Kuna jambo jingine la uaminifu. Msusi huingia kwenye mabanda ya watu usiku, wenyewe hawapo. Huongea taratibu kabla ya kumkaribia farasi ili asishtuke na kumpiga teke. Akimaliza, hufunga mlango na kuhakikisha umefungika. Farasi akitoka gizani anaweza kuvunjika mguu, na kazi nzuri ya misuko 40 haitamsaidia msusi huyo kueleza.

PESA ZAKE

Wengi wao hawana mshahara. Hulipwa kwa kila farasi, shingo bei yake na mkia bei yake. Ukisikia bei ya farasi mmoja kwa dola unaweza kusema hawa ni matajiri. Kumbe kutoka hapo msusi hujilipia mafuta ya gari, malazi na uzi. Huyafuata maonyesho yanakokwenda. Kuanzia Januari hadi Machi wengi huwa jimbo la Florida, katika miji kama Wellington na Ocala, kisha huelekea kaskazini joto likifika. Wiki isiyo na maonyesho haina pesa. Akiugua, hakuna wa kumlipa. Na vidole, viganja na mabega huchoka kwa kurudia jambo moja miaka nenda miaka rudi, mpaka wengine wakalazimika kuacha kazi.

SISI TUNAJIFUNZA NINI?

Hatuwaambii muache mashamba mkatafute farasi! Lakini wengi wetu tumeona kikundi kinachokubali kufuma sweta za shule nzima, kisha muhula unafunguliwa na watoto hawana sweta. Mwaka unaofuata shule inakwenda kununua mjini. Kwa hiyo:

1. Pimeni muda kwa saa. Tengenezeni kitu kimoja huku mtu akiandika dakika, ndipo mseme bei.

2. Toeni gharama kwanza: uzi, nauli, mafuta ya taa. Kinachobaki ndicho malipo ya mikono yenu.

3. Andikeni kikomo chenu. Kazi ikizidi, mpeni jirani mwenye ujuzi. Wasusi wa farasi hufanya hivyo, na siku nyingine hurudishiwa.

4. Wekeni akiba miezi ya kazi nyingi kwa ajili ya miezi mikavu.

5. Pumzisheni mikono na macho. Hivyo ndivyo mtaji wa kwanza.

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana Yesu anatuuliza ni nani atakayejenga mnara bila kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Kuhesabu si kukosa imani. Ni kumheshimu yule anayetungoja asubuhi.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

Kazi yetu moja huchukua saa ngapi hasa?

Ni lini tulisema "ndiyo" wakati tungesema "hatutaweza"? Nani aliumia?

Mteja akituachia mlango wazi, ataukuta vipi akirudi?