Seli za Ng'ombe wa Jirani: Kweli au Uongo?

Njiru, kando ya Barabara ya Kangundo, wapo wanaofuga ng'ombe wawili watatu wa gredi nyuma ya nyumba. Adui yao mkubwa ni ndigana kali, na uvumi kuhusu chanjo yake ni mwingi. Tuupime.

"Ng'ombe ni ng'ombe, seli za mmoja zitamfaa mwingine."

Uongo, na ushahidi ulipatikana hapa hapa Kenya. Kimelea cha ndigana kali, Theileria parva, huingia katika seli nyeupe za damu na kuzifanya zizaane ovyo. Ndiyo maana tezi iliyo chini ya sikio huvimba mpaka ukaishika kwa kiganja. Mwaka 1970 Malmquist, Nyindo na Brown walieleza jinsi ya kuzikuza seli hizo maabarani, na watafiti wa Muguga wakaanza kujaribu kuzitumia kama chanjo. Jibu liliwashangaza. Ndama akidungwa seli zilizotoka mwilini mwake mwenyewe, kisha zikaambukizwa, chache tu zilitosha kumwua. Za ng'ombe mwingine zilitakiwa kwa mamilioni ndipo apate kinga ya uhakika. Mwili ulizitambua kuwa ngeni, kwa alama zilizo juu ya kila seli, ukaziangamiza kabla kimelea hakijahamia seli za mwenyeji. Mwaka 1984 Dolan na wenzake waliandika wazi kwamba kutolingana kwa alama hizo ndiko kulikokuwa kikwazo.

"Seli ngeni hushambuliwa tu, haziwezi kushambulia."

Uongo, na hili ndilo wengi hawalijui. Mwaka 1957 Billingham na Brent waliwapa panya wachanga seli za wengu za panya wazima wasiolingana nao. Wachanga hawakuwa na nguvu ya kuzikataa, kwa hiyo seli ndizo zilizowakataa wao: walidumaa, wakaharisha, wengi wakafa. Hatari hiyo hiyo humwandama mgonjwa anayepandikizwa uboho wa mtu mwingine, kwa kuwa kinga yake huwa imedhoofishwa kwanza kwa dawa.

"Ng'ombe mapacha wasiofanana hukataana."

Kwa kawaida, uongo. Tumboni damu zao huchanganyika, na Owen alilionyesha hilo mwaka 1945. Baadaye Medawar na wenzake waliwapandikiza ngozi mapacha kama hao, na wengi wakapokeana, kwa kuwa kila mmoja alikwisha kuzizoea seli za mwenzake.

"Chanjo ya leo ni seli za ng'ombe mwingine."

Uongo. Chanjo ya leo, iitwayo Mchanganyiko wa Muguga, hutokana na kupe walioambukizwa, wakasagwa, na vimelea vyao hai vikahifadhiwa katika naitrojeni kimiminika. Humo mna aina tatu za kimelea. Hakuna seli ya kukataliwa: kimelea huingia moja kwa moja katika seli za ng'ombe wako.

"Chanjo hiyo inaweza kumwua ng'ombe."

Kweli, ikichanjwa vibaya, kwa kuwa ni ugonjwa wenyewe unaoingizwa. Kinachouzuia ni oksitetrasaiklini ya kudumu muda mrefu, inayodungwa wakati huo huo. Basi mfugaji mwenzangu, usikubali sindano moja kwa kubana gharama. Mwite daktari wa mifugo aliyefunzwa kazi hiyo, usimame karibu, uhakikishe ng'ombe amepata sindano zote mbili kabla daktari hajafungua lango kuondoka.